Amemaliza Kemo, Magoti Bado Yanalia: Acheni Kumchamba Mtu kwa Mwendo Wake

Mjini hapa ukiugua kansa unapewa huruma yenye tarehe ya mwisho. Ukiwa huna nywele, kila mtu ndugu yako. Michango inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mastaa wanaposti picha yako na vile vikono vya dua, hata yule mliyenuniana tangu shule anakuja inboksi kukupa pole. Nywele zikianza kuota tu, basi, huruma imefungwa. Umepona. Rudi kazini, rudi kwenye mchuchumio, rudi ukumbini ukakate mauno. Ukishindwa, una mapozi, una dharau, au umelewa.

Hapo ndipo alipokwama MC mmoja wa kike, jina linakaa kapuni, mwanamke wa arobaini na kitu ambaye kicheni pati bila yeye ilikuwa haijakamilika. Alipata kansa ya titi. Akafanyiwa upasuaji, akapigwa dripu za kemo, akapigwa mionzi. Alipomaliza akaposti picha kavaa pinki, komenti zikamwagika maua kutoka kila kona ya Bongo.

Halafu ikatoka klipu. Sekunde chache tu. Bibi harusi mtarajiwa anaingia, ukumbi mzima umesimama, vigelegele kama vyote, na MC amekaa kwenye kiti. Kavaa gauni la maana, chini kapiga raba. Maiki kaishika kwa mikono miwili. Akitaka kuinuka anaegemea meza kwanza, anakunja uso, ndio anasimama.

Ubuyu ukachemka. "Amelewa huyo." "Anajiona staa, hawezi kumsimamia bibi harusi." "Raba na gauni, ushamba gani huu?" Mwingine akamaliza kabisa: "Kansa si ulishapona wewe, au ile michango ilikuwa kiki?" Komenti hiyo ndiyo iliyopata laiki nyingi kuliko zote.

Sasa hiyo komenti ndiyo ya kujadili. Sio raba, sio kiti. Hiyo "si ulishapona". Maana ndani ya maneno hayo mawili kuna kutojua ambako kunaweza kumfanya mwanamke aitupe dawa inayomlinda.

KIDONGE KIDOGO, KAZI KUBWA

Kansa ya titi sio ugonjwa mmoja. Aina nyingi zinastawishwa na homoni ya kike inayoitwa estrojeni. Kwa aina hizo, estrojeni ni kama kuni kwenye moto. Daktari anaweza kuutoa uvimbe, kemo na mionzi vikafagia, lakini kukiwa na chembe moja imejificha mahali na kuni bado zipo, siku moja moto unaweza kuwaka tena. Kwa hiyo mgonjwa anaandikiwa dawa ya kuondoa kuni.

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ovari hazitengenezi tena estrojeni ya maana. Lakini mwili una njia ya uani: kwenye mafuta na misuli kuna kimeng'enya kinaitwa aromatasi, hicho kinageuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Dawa kama letrozoli, anastrozoli na eksemestani kazi yake ni kukifunga hicho kimeng'enya. Mwanamke ambaye bado anaziona siku zake anaweza kuchomwa sindano ya kuzilaza ovari, ndipo apewe kidonge.

Ni kidonge kimoja kwa siku, kidogo kuliko punje ya harage. Muda wake ndio watu wengi hawaujui: kwa kawaida ni miaka 5, na wengine wanaendelea hadi miaka 7 au 10. Kwa hiyo ile picha ya pinki iliyopata maelfu ya laiki haikuwa mwisho wa matibabu. Ilikuwa mwisho wa sehemu ambayo watu wanaiona kwa macho.

Tatizo ni kwamba estrojeni haikuwa inaistawisha kansa peke yake. Viungo na mifupa navyo vinaihitaji. Ikishuka karibu na sifuri, mwili unalia. Mara nyingi inaanza ndani ya miezi michache ya kwanza. Asubuhi vidole vimekakamaa, kufungua kifuniko cha chupa ya maji ni mtihani. Magoti yanagoma kushuka ngazi. Nyonga, viganja, mabega, nyayo, kila kimoja kina zamu yake. Wengine kidole kinakunjika halafu kinakataa kunyooka mpaka kivutwe na mkono wa pili. Akikaa muda mrefu, kuinuka ni kama kufungua geti lenye kutu. Akishatembea kidogo, mwili unalegea, anakuwa afadhali. Ndio maana asubuhi ukimuona utasema bibi wa miaka 80, mchana ukimkuta sokoni utasema alikuwa anaigiza.

Na sio mmoja mmoja. Marekani waliwahi kuwahoji wanawake 200 wanaomeza dawa za kundi hili, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Asilimia 47 walisema wanapata maumivu ya viungo yaliyotokana na dawa au kuzidishwa nayo. Karibu nusu! Kwa hiyo kwenye foleni ya kliniki yoyote ya kansa, ukiona akina mama kumi wanaomeza kidonge hiki, wanne au watano wanaweza kuwa wanajua habari ya geti lenye kutu.

KOMENTI INAINGIAJE HAPO?

Inaingia hivi. Kuna wanawake wanaacha kidonge kwa sababu ya maumivu haya. Hawaachi kwa sherehe. Wanaanza kuruka siku moja ya harusi ili waweze kusimama, halafu wiki, halafu pakiti inalala kwenye droo. Kliniki wakiulizwa wanasema wanameza, kwa sababu nani anataka kugombezwa? Na tafiti zimeonyesha kwamba wanaoacha dawa hizi mapema wana hatari kubwa zaidi kuliko wanaozimaliza.

Sasa mweke huyo MC hapo. Kazi yake ni miguu na mikono. Saa nne ukumbini, amesimama, maiki mkononi, anacheza na wageni. Mkataba wa wiki ijayo unategemea klipu ya wiki hii. Usiku anarudi nyumbani na mambo mawili mezani: kidonge asichokiona faida yake kwa macho, na simu yenye komenti mia tatu zinazomwambia amekwisha. Kidonge hakina sauti. Hakimwambii "leo nimekulinda". Ila komenti zina sauti, na zinamwambia kitu kimoja: ukiacha kuchechemea utapendwa tena. Na njia rahisi ya kuacha kuchechemea ni kuacha kidonge.

Watu wanadhani kumcheka mtu kwa mwendo wake ni utani wa bure, bando tu ndilo linaloungua. Kwa mwanamke aliye kwenye dawa hii, utani huo unasukuma upande mbaya.

"SHUJAA" NAYO NI SHIDA

Kabla wale wa "sisi tulimuombea" hawajapumua, na wao wana kesi. Kila Oktoba mji unageuka pinki. Fulana, matembezi, keki, mastaa na riboni. Mgonjwa anaitwa shujaa, jasiri, simba jike, jeshi la mtu mmoja. Ni maneno matamu, na yanasaidia wakati wa kemo. Shida ni kwamba shujaa akishatangazwa ameshinda vita, hana tena ruhusa ya kulalamika. Atasemaje vidole vinauma wakati watu wameshampigia makofi? Akisema, anajibiwa, "Shukuru Mungu uko hai, wenzako hawapo."

Hilo jibu linasikika la kiimani, lakini linafunga mdomo. Mtu anaweza kushukuru na bado goti likauma. Hakuna ugomvi kati ya hayo mawili. Na mgonjwa aliyefungwa mdomo mtandaoni anajifunza kufunga mdomo hata kwenye chumba cha daktari, mahali ambapo kusema kungemsaidia.

Na hapo wahudumu wa afya nao wasijifiche. Wapo wanawake wanaosema, wanajibiwa kwa sekunde mbili: "Ni umri huo mama, punguza uzito." Mtu ametoka Mbeya usiku kucha kwenye basi kufuata kliniki Ocean Road, magoti yamekakamaa kwa kukaa kwenye siti, halafu anaambiwa ni umri. Jana yake kabla ya dawa hakuwa na umri? Kupunguza uzito kunaweza kuwa ushauri mzuri, lakini ukitanguliwa na sentensi moja tu, "Hii dawa ndiyo mara nyingi inaleta maumivu haya, tuone tunafanyaje", mgonjwa anaondoka akijua hajarogwa, hajazeeka ghafla, na hajadanganya.

WAUZA DAWA WA INBOKSI

Kundi la tatu ni lile linalosubiri mtu aseme tu "naumwa". Kabla dakika haijaisha: "Dada nina dawa ya baridi yabisi, siku saba unakimbia, njoo inboksi." Chupa haina lebo, unga haujulikani ni wa nini.

Tatizo sio mitishamba yote. Tatizo ni kutojua kilichomo. Kwenye nchi mbalimbali zimewahi kukamatwa dawa za "asili" za viungo ambazo zimechanganywa kwa siri na steroidi au vidonge vya maumivu vya kizungu. Ndio maana zinafanya kazi haraka hivyo! Mtu anatumia miezi, uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inazidi kuwa dhaifu. Na mwanamke aliye kwenye dawa hizi mifupa yake tayari iko hatarini, kwa sababu estrojeni ikishuka mifupa inapungua uimara. Dawa nyingine za mimea zina vitu vinavyojifanya estrojeni mwilini. Yaani daktari anaondoa kuni, muuza dawa anazirudisha kwa bei ya ofa.

Diklofenaki ya duka la dawa nayo isichukuliwe kama pipi. Kwa siku chache na kwa ushauri inasaidia. Kila siku kwa mwaka mzima, tumbo na figo ndivyo vinavyolipa.

KWANI HAKUNA CHA KUFANYA?

Kipo, na ndiyo sababu ukimya unaudhi. Kama maumivu haya yangekuwa hayana dawa, basi "vumilia" ingekuwa na maana kidogo. Lakini yana njia.

Ya kwanza ni kutembea. Inasikika kama kejeli kumwambia mwenye magoti mabovu atembee, lakini imepimwa. Marekani walichukua wanawake 121 wenye maumivu haya ambao walikuwa hawafanyi mazoezi. Kundi moja likapewa mpango wa mwaka mzima: dakika 150 za mazoezi ya mwendo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili kwa wiki. Matokeo yalitoka 2015: maumivu yao makali yalishuka kwa karibu asilimia 30, wakati wale wengine hawakupata nafuu ya kueleweka. Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa kwa siku, siku tano. Haihitaji jimu ya Masaki. Inahitaji raba. Ndio, zile raba zilizochekwa chini ya gauni.

Ya pili ni kubadilishiwa dawa. Mwanamke anayeteswa na moja ya dawa hizi tatu anaweza kuhamishiwa nyingine ya kundi lilelile akaivumilia vizuri. Wengine daktari anawapumzisha kwa muda mfupi kwanza, halafu anawabadilishia, au anawahamishia tamoksifeni, ambayo inafanya kazi kwa njia tofauti na ina madhara yake ya kuangaliwa. Muhimu ni kwamba uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa wakiwa wamekaa meza moja. Kuruka dozi kimyakimya sio mpango.

Ya tatu, kuna dawa za maumivu zenyewe. Diloksetini, inayojulikana zaidi kwa sonona, ilijaribiwa kwa wanawake 299 wenye tatizo hili, na majibu yaliyochapishwa 2018 yalionyesha nafuu ikilinganishwa na kidonge cha danganya toto. Mwaka huohuo zikatoka habari za sindano za Kichina, zile nyembamba za kuchoma ngozi: wanawake 226 walifuatiliwa, na waliochomwa kikweli walipata nafuu zaidi ya waliochomwa za kuigiza. Nafuu yenyewe sio ya muujiza, lakini kwa mtu anayeshindwa kufunga vifungo vya blauzi, nafuu kidogo ni blauzi iliyofungwa.

Kisha kuna vitu vya nyumbani visivyo na gharama. Maji ya uvuguvugu kwenye vidole asubuhi. Kuamka mapema kidogo ili mwili upate muda wa kulegea kabla ya daladala. Kunyanyuka kila baada ya muda badala ya kukaa masaa. Kuuliza daktari kuhusu vitamini D, kalisiamu na kipimo cha uimara wa mifupa.

Na kuna onyo moja la kuandika kwa herufi kubwa: MAUMIVU MAPYA YA MFUPA AMBAYO HAYATULII, YANAYOAMSHA USIKU AU YANAYOZIDI SEHEMU MOJA, YASISINGIZIWE KIDONGE. Aliyewahi kuwa na kansa ayapeleke hospitali yakaangaliwe. Mara nyingi yatakuwa madogo. Lakini hayo ni ya daktari kusema, sio ya jirani wala ya muuza unga.

"SI ANGESEMA?"

Utetezi wa timu komenti unajulikana: "Staa ni mali ya umma. Angesema anaumwa watu wangeelewa. Asiposema, watu watajiongeza."

Kwanza, watu wangeelewa? Hawa hawa walioandika kiki? Mwanamke akisema mapema, wanaompa kazi wanaanza kumtafuta MC mwingine "asije akatuangukia ukumbini". Akinyamaza, ana dharau. Hapo njia ya kutoka iko wapi? Pili, mwigizaji au MC anauza sauti, uso na kipaji. Hajauza faili lake la hospitali. Mteja aliyelipa kiingilio cha kicheni pati hajanunua na magoti.

Na kwa wale wanaosema haya ni mambo ya wanawake: babu, baba na wajomba wenye kansa ya tezi dume nao wapo kwenye orodha. Wengi wao wanachomwa sindano za kuzima homoni ya kiume, na wao wanapata joto la ghafla, viungo kuuma na mifupa kudhoofika. Ila mwanaume wa Kiswahili hata kichwa kikimuuma anasema "nimechoka kidogo tu". Kwa hiyo yule mzee wa mtaani aliyeacha kwenda kijiweni bao, anayeambiwa amekuwa mvivu, huenda naye ana tarehe za sindano kwenye kalenda ambazo hakuna anayezijua.

Mji hauombwi kuwa daktari. Hauombwi hata kuchangia. Unaombwa vitu vidogo. Ukumbi uwe na kiti cha MC bila mtu kuuliza. Kamati ya harusi ikubali raba. Shosti ampitie mwenzake jioni waende wakatembee nusu saa badala ya kumtumia emoji. Aliyesikia mtu akisema "hiki kidonge nakiacha" asimwambie "vumilia" wala "acha tu", amwambie "kabla hujaacha, twende tukamwambie daktari", na aende naye kweli. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko pinki ya Oktoba nzima.

Na anayeona klipu ya mtu anayeinuka taratibu kwenye kiti, kabla kidole hakijagusa kibodi, ajiulize kama anajua mtu huyo amemeza nini asubuhi. Kama hajui, apite. Kupita hakuli bando.

Haya mdau, mtaani kwako au kwenye familia kuna mtu anapambana na kidonge hiki? Nini kimempa nafuu, na watu wamemkosea wapi? Dondosha komenti hapa chini, ila majina ya watu yaache kapuni.